Zulia la Mlangoni

Nyumba ya mtu huanza kusema kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mgeni hajapewa kiti, hajaulizwa habari za njiani, na tayari mlango umekwisha kumweleza mengi. Mama yangu, ambaye aliishi maisha yake yote katika nchi ya Kishapu, mkoani Shinyanga, alikuwa akisema kwamba ukitaka kujua nyumba inaendeshwaje usitazame sebuleni, maana sebule hufagiliwa kwa ajili ya wageni. Tazama pale mguu unapokanyaga kwanza. Kwa sababu hiyo mlangoni pake palikuwa na zulia dogo la katani la kufutia miguu, alilolisuka kwa mikono yake mwenyewe. Na nilipohamishiwa Geita kufundisha, alinifungia moja katika kanga na kunipa pamoja na kuku wawili na kibaba cha choroko.

Kuku na choroko havikumaliza mwezi. Zulia lilikaa mlangoni pangu zaidi ya miaka ishirini. Nataka kueleza habari zake: jinsi lilivyotengenezwa, jinsi tulivyokuwa tukilisafisha, na jinsi lilivyonifundisha uzeeni jambo ambalo mimi, mwalimu wa sayansi, nilipaswa kulijua tangu zamani.

Msomaji aliyezaliwa Tanga anaposikia neno mkonge hufikiri mashamba makubwa, mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho, reli ndogo na mitambo ya kusindika. Huko ndiko mkonge ulikoanzia katika nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na baada ya safari ndefu kupitia Ujerumani ni miche 62 tu iliyobaki hai. Kutokana na hiyo michache yakatokea mashamba ambayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuifanya Tanganyika iongoze duniani. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Lakini kwetu Usukumani mkonge haukuwa shamba. Ulikuwa ua. Watu waliupanda kuwa mpaka kati ya shamba la huyu na la yule, na kuzunguka miji yao ili ng'ombe wasiingie katika mahindi. Mmea huu hauogopi jua la Shinyanga. Hukaa miaka mingi ukitoa majani tu, kisha siku moja huchomoza mlingoti mrefu wenye maua, huangusha vichipukizi vyake, nao wenyewe hufa. Sisi watoto tulikata milingoti hiyo ikikauka, nyepesi kama boriti za uongo, tukafanya ngazi na mapaa ya nyumba za kuchezea.

Kazi ya kutoa katani ilikuwa ya mama na dada zangu. Walikata majani ya chini, wakayaponda kwa rungu juu ya gogo, kisha wakayakwangua kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke na zibaki nyuzi nyeupe. Utomvu wake huwasha. Anayekwangua bila uangalifu hujikuna mikono siku nzima. Na mavuno yake ni madogo, kwani katika kilo mia za majani huwezi kupata zaidi ya kilo nne au tano za nyuzi. Zikishaoshwa na kuanikwa, mama alizisokota pajani, akasuka mishipi yenye upana wa vidole viwili, akaishona pamoja kwa shazia mpaka likatokea zulia lenye urefu wa kama hatua moja na nusu. Halikuwa na rangi wala maua. Lilikuwa gumu kama ulimi wa ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kama ya ulimi: kulamba uchafu wa nyayo.

Aliponipa zulia hilo alinipa na masharti yake, kama mganga anavyotoa dawa. Sharti la kwanza, usilifue. Katani hunywa maji, ikavimba, na ikikauka hujikunja na kupungua. Maji yakikawia ndani yake huoza kutoka kati, na madoa ya kahawia hujitokeza hata pale palipokuwa safi. Sharti la pili, lipige likiwa kifudifudi. Ukilipiga uso juu unaushindilia mchanga ndani zaidi, lakini likilala kifudifudi juu ya ugo mchanga huanguka kwa uzito wake. Sharti la tatu, tope usiliguse likiwa bichi. Ngoja likauke, kisha ulisugue kwa gunzi la hindi kufuata njia ya msuko, usikate mishipi. Mafuta yakimwagika, nyunyizia majivu makavu, yaache yalale mpaka asubuhi, ndipo ukung'ute.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Unguja kwa semina ya walimu, nikaona mlangoni pa wenyeji wetu zulia la makumbi ya nazi likioshwa kwa ndoo nzima ya maji na kuachwa juani. Nilishtuka, nikataka kumzuia yule mama. Akanicheka kwa upole, akanieleza kwamba makumbi yale, kabla hayajawa usumba, hufukiwa pwani kwenye mchanga wenye maji ya chumvi kwa miezi mingi, ndipo hufukuliwa na kupigwa. "Yamekwisha oza yote ya kuoza, mwalimu," aliniambia. "Maji yatayafanya nini tena?" Nilirudi bara nikiwa nimejifunza kwamba kila uzi una historia yake, na usafi wake hufuata historia hiyo. Wa pwani umelelewa na maji, wetu umelelewa na jua.

Basi kila Jumamosi asubuhi nililitoa zulia nje, nikalilaza kifudifudi, nikalipiga kwa fimbo. Na kwa kuwa mwalimu hawezi kuona vumbi akaliacha bila kuliuliza swali, nilizoea kutazama kilichoanguka. Nilipokuwa bado na safari nyingi za kwenda nyumbani, zulia lilitoa vumbi la kijivu lililoganda vipande vidogo. Huo ni udongo wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunasa gurudumu masika. Nikitoka kwa shemeji zangu wa vilimani, lilitoa mchanga mwepesi tunaouita luseni. Siku za kawaida lilitoa vumbi jekundu la Geita, ambalo halitoki kwenye kola ya shati hata ufue kwa sabuni gani. Kwa vumbi hilo ningeweza kusema nani alikuja kututembelea wiki ile, na alitokea wapi.

Mke wangu alipofariki na watoto wakatawanyika, nyumba ikawa kubwa kuliko mimi. Ndipo alipokuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, pamoja na mkewe na kitoto chao cha miezi michache. Ukame ulikuwa umeharibu pamba yake kwa misimu miwili, akaamua kufuata dhahabu kama vijana wengi wa Shinyanga walivyofanya kabla yake. Mimi sikumlaumu. Nchi ile ina mvuto wake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini watu hawakuacha kuchimba. Na mgodi mkubwa wa kisasa ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu upande wa Kahama mwaka uliofuata, wachimbaji wadogo waliendelea pembeni yao, Mgusu, Nyarugusu, Rwamagasa, na penginepo pengi. Kijana anayefika bila cheti wala mtaji hupata angalau mtu wa kumpa koleo.

Mpwa wangu hakushuka katika duara. Alipata kazi kwenye mialo. Kwa msomaji asiyejua, mawe yenye dhahabu hupondwa, kisha husagwa kwa karasha mpaka yawe unga laini. Unga huo huchanganywa na maji na kumwagwa juu ya mwalo, yaani ubao mrefu ulioinamishwa na kutandikwa magunia ya katani. Maji hukimbia na mchanga mwepesi, na dhahabu, ambayo ni nzito mara kumi na tisa kuliko maji, huzama na kunaswa na manyoya ya gunia. Jioni magunia huoshwa taratibu ndani ya pipa, na kile kinachobaki chini huwekwa katika karai. Hapo hutiwa zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kuziunganisha kuwa donge laini jeupe, ambalo hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki.

Alinieleza hayo yote jioni moja tukila, kwa furaha ya mtu aliyejifunza ufundi mpya. Nikamwambia kwamba bibi yake angefurahi kusikia katani inatunza dhahabu. Tukacheka. Hakuna kati yetu aliyeangalia mlangoni.

Tangu alipoanza kazi hiyo, vumbi la zulia lilibadilika. Lililoanguka siku za Jumamosi sasa lilikuwa unga wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, uliopeperuka ukikaa mkononi. Nikajua ni unga wa mawe, umekuja na buti zake. Mkewe, binti mwenye bidii, aliona aibu kwamba mzee anakung'uta zulia lililochafuliwa na mumewe, akaniomba aifanye yeye kazi hiyo. Hakungoja Jumamosi. Kila alfajiri alilichukua, akalikung'uta kwa nguvu mbele ya nyumba, mtoto akiwa mgongoni, vumbi likiwafunika wote wawili kama moshi. Mimi nilikaa kibarazani na chai yangu nikimsifu moyoni. Kitoto nacho kilipoanza kutambaa, mahali kilipopapenda kuliko pote ni hapo mlangoni, kwa sababu ya upepo. Kilikaa juu ya zulia kikivuta nyuzi zilizochomoza na kuzitia mdomoni.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Tope likafuata tope, hata gunzi halikupata nafasi ya kazi yake kwa kuwa zulia halikukauka. Likawa zito, likaanza kunuka. Nikaona sharti la mama limefika mwisho, kwamba kufua ni kosa lakini kuozesha ni kosa kubwa zaidi. Siku moja jua lilipotoka, nikalitia katika beseni kubwa la bati, nikalimwagia maji, nikaanza kulisugua. Maji yakawa kama uji wa ulezi. Nikainua beseni ili nikamwage kwenye mchicha.

"Mjomba, usimwage!" mpwa wangu aliniita kutoka dirishani. "Hayo ni maji ya mwalo hayo."

Alitoka anacheka, akachukua karai lake. Akayamimina maji yale kidogo kidogo, akayazungusha, akayamwaga pembeni, akaongeza, akazungusha tena, kwa mwendo ule wa viganja ambao wachimbaji hujifunza mpaka ukawa kama kucheza ngoma. Mimi na mkewe tulisogea. Mtoto alikuwa kwenye mkeka. Mwishowe kilibaki kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Akakiinamisha, na pembeni mwake ukaonekana uzi mwembamba wa njano, mfupi kama ukucha wa mtoto. Dhahabu. Mkewe alipiga kigelegele. Mimi mwenyewe, siwezi kusema uongo, moyo uliruka. Nyumba yangu ilikuwa ikikanyaga dhahabu!

Halafu mpwa wangu akanyamaza. Akalitikisa karai mara moja zaidi. Nyuma ya ule uzi wa njano kikajiviringisha kitu cheupe, mviringo, chenye kung'aa kama jicho la samaki, si kikubwa kuliko punje ya ulezi. Kikagusa njano, nayo njano ikapauka.

"Zebaki," alisema.

Nilimwuliza imefikaje. Alijaribu kwanza kusema kwamba huenda imekuja na nguo za kazi, kwani wanapokamua donge hupangusa mikono kwenye suruali. Nilimtazama tu, jinsi nilivyowatazama wanafunzi kwa miaka thelathini. Akainamisha uso. Akasema kwamba mara mbili alirudi usiku na kichupa cha zebaki mfukoni kwa sababu alihofia kuibiwa kambini, na mara ya pili, alipokuwa anavua buti hapo mlangoni, kifuniko kililegea, ikamwagika kidogo. Alipangusa aliyoiona. Nyingine iliingia kwenye zulia, akadhani imekwisha.

Mkewe hakusema neno. Alikwenda mkekani akamwinua mtoto, akamshika kwa namna ambayo sitaisahau, kama mtu anayempokea kutoka mikononi mwa mtu mwingine.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nilitaka kumwuliza mpwa wangu kama hana akili, kama hakuona mtoto wake anatambaa pale. Lakini kabla hayajatoka nilikumbuka darasa. Ilikuwa zamani, katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Kipimajoto cha shule kilivunjika, na mimi, mwalimu kijana, nilifurahi kupata somo lisilo katika kitabu. Niliikusanya zebaki nikaipitisha mikononi mwa watoto, mmoja baada ya mwingine, waone metali inayotiririka kama maji. Waliicheza juu ya madawati, wakaigawanya vipande na kuiunganisha. Iliyoanguka sakafuni tuliifagia. Niliwafundisha kwamba ni nzito mara kumi na tatu na zaidi kuliko maji, nao waliandika. Sikuwafundisha kwamba huvukiza bila moto, katika joto la kawaida la chumba, na kwamba mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mimi mwenyewe sikulifikiria. Basi ningemkaripia vipi kijana wa darasa la saba kwa kosa ambalo mwalimu wake alilifanya kwa chaki mkononi?

Nilichokuwa nimekwisha kukijifunza baadaye nilikijua kwa njia ya kusoma na kusikiliza. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, uliendesha mradi wa kupunguza zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na Rwamagasa kilikuwa kati ya vijiji walikofanyia kazi. Habari zake zilitufikia. Nilijua pia kisa cha Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitangazwa, ukaja kuthibitika kuwa umetokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda na kuingia katika samaki. Mkataba wa dunia wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Yote hayo niliyajua kama mtu anavyojua habari za nchi ya mbali. Sikujua kwamba mkataba ule ulihusu zulia la mama yangu.

Ile siku nzima tuliitumia kusafisha, na nitaeleza jinsi tulivyofanya, kwani huenda yupo msomaji ambaye mlango wake unafanana na wangu. Tulimwondoa mtoto na mama yake kwa jirani. Tulifungua madirisha yote. Hatukufagia, kwa kuwa ufagio huivunja zebaki kuwa chembe ndogo zisizoonekana na kuzisambaza. Kila chembe huvukiza kwa upande wake. Tulifunga pazia, tukalaza tochi sakafuni ili mwanga uende chini kwa chini, nasi tukapiga magoti. Zilionekana katika ufa wa sementi chini ya kizingiti, zimepangana kama shanga. Tulizisukuma kwa kipande cha kadi ngumu juu ya karatasi, ndogo zaidi tukazinasa kwa utepe wa kubandikia, na zote tukazitia katika chupa yenye maji kidogo, tukaifunga. Yale maji ya beseni hatukuyamwaga kwenye mchicha wala mtaroni. Tuliyatia katika dumu lenye kifuniko. Nguo za kazi na buti zikatolewa nje ya nyumba.

Likabaki zulia. Nililitazama muda mrefu. Kigae hupanguswa, bati hupanguswa, lakini uzi unaonywa maji hunywa na vingine, na kilichoingia ndani ya msuko wa katani hakuna gunzi la kukifikia. Mpwa wangu, kwa kutaka kusaidia, alisema tulichome. Nikamwambia hapana, kwani moto ungeipandisha zebaki yote hewani, nasi tungeivuta. Hatukuweza kulifua, kulichoma wala kulitupa jalalani, ambako watoto huokota. Tulilikunja, tukalitia katika mfuko wa plastiki, na mfuko katika ndoo yenye kifuniko, tukakizungushia utepe. Nikaandika juu yake kwa rangi nyekundu: SUMU, USIFUNGUE. Nilipomweleza bwana afya alisema tumefanya vema, akaagiza ndoo ikae mbali na nyumba mpaka ipatikane njia ya kuichukua. Ipo mpaka leo, mwisho wa kiwanja, chini ya paa dogo la bati.

Mtoto tulimpeleka kwa daktari. Alimchunguza macho, mikono, ulaji na usingizi wake, akasema haoni kasoro, na kwamba dawa ya kwanza ni hiyo tuliyokwisha kuifanya, yaani kumwondolea chanzo. Alituambia tumlete tena kila baada ya miezi, kwa kuwa ubongo wa mtoto bado unajengwa na madhara mengine huchelewa kujitokeza. Tumekwenda mara tatu. Anatembea, anasema maneno yake, anajua kudai. Lakini kila anapokosea hatua mimi hushtuka, na nikiinua macho namwona mama yake naye ameshtuka. Nadhani hofu hiyo haitatuacha mapema, nayo ni bei ambayo hakuna mnunuzi wa dhahabu anayeipima kwenye mizani yake.

Mpwa wangu bado yuko mialoni. Sitamficha msomaji hilo kwa kutaka hadithi iishe vizuri. Nilimwomba aache, akaniuliza kwa adabu: "Nikiacha, mjomba, tutakula nini?" Sikuwa na jibu, kwani pensheni yangu naijua. Tulikubaliana juu ya yale tuliyoyaweza. Zebaki haingii katika kiwanja changu, iwe mfukoni au kichupani. Nguo za kazi hubaki kambini na hufuliwa huko. Anaoga kabla ya kurudi, na anavaa katambuga alizoziacha kwa rafiki yake njiani. Donge halichomwi jikoni wala karibu na watu. Anasema baadhi ya wenzake walimcheka mwanzoni, wakamwita bwana nidhamu; sasa wawili wenye watoto wachanga wameanza kufanya kama yeye.

Mlangoni hapana kitu siku hizi ila jiwe bapa, na kando yake ndoo ya maji. Kila anayeingia huvua viatu nje na kunawa miguu. Nilifikiri nimebuni jambo jipya, mpaka dada yangu alipotutembelea kutoka Kishapu, akaliona jiwe, akacheka. Alinikumbusha kwamba kwa bibi yetu hapakuwa na zulia. Palikuwa na jiwe kama hilo na kibuyu cha maji. Zulia lilikuja na mama, kwa sababu alipenda nyumba yenye kupendeza.

Mara nyingi nafikiri juu ya kazi ya kile kitu. Tulilisifu kwa kushika uchafu usiingie, tukasahau kwamba kinachoshika hubaki nacho. Gunia la mwalo halichagui kati ya dhahabu na sumu, vyote vikiwa vizito hulala ndani yake. Zulia la mama nalo halikuchagua. Kukung'uta bila kuuliza kimeanguka nini ni kuhamisha uchafu tu, kutoka mlangoni kwenda mapafuni mwa anayekung'uta. Na aghalabu anayekung'uta siye aliyeuleta.

Dada yangu alipoondoka nilimpa ujumbe. Ua wa mkonge wa mama bado upo, nao umezaa vichipukizi vingi. Nimemwomba anikatie majani kiangazi kikifika, ayakwangue, anitumie nyuzi. Kusokota najua kidogo, kwa kumwona mama, kushona nitajifunza. Likiisha nitalitandika ndani, kando ya kitanda changu, mahali pasipofikiwa na kiatu. Mlangoni jiwe litabaki.

Mama angeuliza kwa nini nimelitoa pale mgeni anapoanza kuitazama nyumba. Ningemwambia kwamba nyumba yake bado inasema na mgeni kabla hajakaribishwa. Siku hizi inamwambia: vua viatu, baba, mtoto anacheza ndani.